Dogo wa Kiingereza akifika miaka 18, abaki klabu kubwa au ashuke daraja akacheze?

namba6 (mleta mada)

Wakuu habarini. Kuna kitu kinanisumbua muda mrefu nikaona nikilete hapa maana najua kuna watu mnafuatilia mpira wa vijana kuliko mimi.

Juzi nilikuwa naangalia tena fainali ya Kombe la Dunia la U17 (vijana wa chini ya miaka 17) ya 2017, ile ya Kolkata. Uingereza wanachapwa 2-0 na Hispania mapema tu, Brewster anarudisha moja kabla ya mapumziko, kipindi cha pili wanakuja kama watu wengine kabisa na mechi inaisha 5-2. Foden kafunga mbili, Gibbs-White moja, Guehi moja. Brewster akaondoka na kiatu cha dhahabu kwa magoli 8 na Foden akawa mchezaji bora wa mashindano. Na mwaka huohuo U20 yao ilibeba kombe la dunia Korea Kusini, U19 ikabeba Euro. Mwaka mmoja makombe matatu!

Sasa nikaanza kukifuatilia kile kikosi cha U17 mmoja mmoja. Foden tunamjua. Guehi kawa nahodha wa Crystal Palace iliyobeba FA Cup 2025. Gibbs-White kang'ara Nottingham Forest, Gallagher alifika mpaka Atletico. Lakini Brewster, mfungaji bora wa dunia wa umri wake, Liverpool walimuuza Sheffield United 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 20 na msimu ule wa kwanza ligi kuu hakupata goli hata moja, halafu majeraha nayo yakamuandama. Na kuna wengine mle ndani walioanza fainali ya dunia ambao leo ukitaja jina mtu anakuuliza huyo nani.

Kwa hiyo swali langu: dogo akishafika 18, yuko akademi ya klabu kubwa, kila mtu anasema ana kipaji, afanye nini? Abaki afanye mazoezi na mastaa akisubiri nafasi, aende mkopo (aazimwe timu nyingine kwa muda), au aondoke kabisa akacheze chini? Maana naona kila njia ina waliotoboa na kila njia ina waliopotea, na mimi roho inaniuma sana kuona mtoto alikuwa bora duniani akiwa na 17 halafu akiwa na 24 anatafuta timu.

---

MzeeWaTakwimu

Mada nzuri sana mkuu.

Kabla ya kujibu swali lako tuelewe kwanza ule mfumo ulijengwa kwa ajili gani. Mwaka 2012 ligi kuu ya Uingereza na FA (chama cha soka) na ligi za chini walianza mpango mpya wa kulea vijana, unaitwa EPPP. Akademi zikapangwa daraja la 1 mpaka la 4 kulingana na viwanja, idadi ya makocha, masaa ya mazoezi, madaktari, elimu na mengine. Mtoto anaanza rasmi akiwa U9, anapita ngazi ya msingi mpaka U11, kisha U12 mpaka U16, halafu ndiyo anaingia ngazi ya kujiandaa kuwa profesheno. Masaa ya kugusa mpira yaliongezwa sana. Ile sheria ya zamani ya kuzuia klabu isichukue mtoto anayeishi zaidi ya dakika 90 kutoka kiwanja cha mazoezi ikalegezwa kwa akademi za daraja la 1. Na mwaka huohuo ndiyo kituo cha timu za taifa pale St George's Park kikafunguliwa.

Na matunda yameonekana, tusidanganyane. Hayo makombe ya 2017 uliyosema, halafu U21 wakabeba Euro 2023 wakarudia tena 2025. Zamani tulizoea kuambiwa Mwingereza anajua kukimbia na kupiga mpira mrefu tu, leo unaangalia Foden, Saka, Palmer, Bellingham, hawa wanapokea mpira katikati ya watu wawili wanageuka. Hilo limefanyiwa kazi mazoezini miaka na miaka.

Ila mfumo unalea mtoto mpaka 18 vizuri sana. Kuanzia 18 mpaka 21 ndiyo pana shimo. Hapo mpango hauwezi kumlazimisha kocha wa timu ya kwanza ampange dogo Jumamosi, kocha mwenyewe akipoteza mechi nne anafukuzwa, sasa wewe ukiwa kocha unamuweka dogo wa miaka 18 beki ya kati ukiwa na presha hiyo? Wengi hawathubutu, wanakwenda sokoni.

Watu wanasema kuna sheria ya wachezaji waliolelewa nyumbani, kikosi cha watu 25 wasiolelewa nyumbani wasizidi 17. Ni kweli ipo tangu msimu wa 2010/11, ila hiyo haiangalii uraia. Mtu wa taifa lolote akiwa amesajiliwa klabu ya Uingereza au Wales misimu mitatu kabla ya kufika miaka 21 anahesabika wa nyumbani. Na haimwambii kocha ampange mtu, inamwambia amuandike kwenye orodha tu.

---

kipa_wa_akiba

Mimi nipo upande wa mkopo na nitausimamia mpaka mwisho.

Mechi za ligi ya vijana ya U21 si mpira wa kutafuta riziki. Ukipoteza hakuna anayelia, beki anayekukaba ni rika lako na yeye anataka kuonyesha anajua kupiga pasi, mashabiki wachache. Dogo anaweza kukaa miaka mitatu kwenye ligi ile akawa fundi wa ligi ile. Halafu anakutana na beki wa miaka 33 wa League One (daraja la tatu) ana familia, ana mkopo wa nyumba, bonasi yake ya ushindi ndiyo inalipa bili, atakukanyaga dakika ya tano na refa hajaona. Hapo ndiyo unajifunza mpira.

Harry Kane mnamsahau? Arsenal walimwacha akiwa mdogo kabisa, akaingia Spurs (Tottenham), halafu kwa mkopo Leyton Orient 2011, Millwall 2012, Norwich, Leicester. Leicester pale alikuwa anakaa benchi! Lakini Millwall alicheza wakiwa kwenye vita ya kutoshuka daraja na akawafungia magoli ya kuwaokoa, alipokuja kupewa nafasi kamili Spurs 2014/15 alikuwa ameshaona kila kitu. Leo ndiye mfungaji bora wa muda wote wa taifa lake.

Calvert-Lewin aliyefunga goli pekee la fainali ya U20 2017 dhidi ya Venezuela, akiwa Sheffield United alipelekwa Stalybridge Celtic, timu iko nje ya ligi nne za juu, kisha Northampton.

Na hii ya Elliot Anderson mimi huwa naihadithia kila mtu. Newcastle walimpeleka Bristol Rovers Januari 2022, League Two (daraja la nne), ana miaka 19. Siku ya mwisho ya msimu Rovers wanahitaji magoli mengi ili wapande moja kwa moja mbele ya Northampton, wanacheza na Scunthorpe. Wakashinda 7-0 na goli la saba kafunga Anderson kwa kichwa, ndilo lililowapandisha, walilingana na Northampton pointi na tofauti ya magoli wakapita kwa magoli ya kufunga! Mashabiki wakamwagika uwanjani. Sasa niambie ligi gani ya vijana itampa mtoto siku kama ile. Yule sasa hivi ukimuona anakaba kiungo cha ligi kuu hana hofu na mtu.

---

Pembeni_Kulia

@kipa_wa_akiba nakubali mengi ila mkopo umeua watu pia. Dogo anakwenda timu ya Championship (daraja la pili), kocha aliyemuomba anafukuzwa mwezi wa kumi, anayekuja anataka mipira mirefu na yeye ni namba 10 mfupi, anakaa benchi mpaka Januari, anarudishwa, anapelekwa kwingine, msimu umepotea. Misimu mitatu ya hivyo jina limeshachafuka wanasema hajaweza hata Championship.

Foden hakwenda mkopo hata siku moja. Guardiola, kocha wake pale Manchester City, alikataa kabisa, alimuanzisha taratibu tangu 2017, watu walikuwa wanapiga kelele kila wiki mbona dogo hachezi, akasubiri mpaka David Silva alipoondoka 2020 ndipo akaanza kupangwa mara kwa mara. Kila siku kiwanjani yuko na De Bruyne, Silva, Gundogan. Hiyo nayo ni shule.

Ila naongeza, lazima awepo kocha anayekutaka kwa dhati. Siyo kocha anayekusifia kwa waandishi.

---

namba6 (mleta mada)

Pembeni hapo kwa kocha umenigusa. Maana nakumbuka Chelsea. Vijana wao walibeba FA Youth Cup (kombe la vijana la klabu) mara tano mfululizo 2014 mpaka 2018, na timu ya kwanza karibu hakuna anayeingia, wanazungushwa kwa mikopo kama mizigo. Mpaka FIFA ilipowafungia kusajili 2019 ndipo kocha Lampard akawapa nafasi Mount, Abraham, Tomori, Reece James. Abraham msimu ule magoli 15 ya ligi. Na miaka miwili baadaye wanabeba Champions League, James beki ya kulia na pasi ya goli la fainali kaitoa Mount. Yaani wale watu walikuwepo! Hawakuongezewa kitu kipya kiangazi kile, kilichobadilika ni kwamba mlango wa sokoni ulifungwa. Sasa wangapi kabla yao walikuwa na uwezo uleule wakapitiliza kwa sababu mlango ulikuwa wazi?

---

MzeeWaTakwimu

Mount alishakaa Vitesse msimu mzima na Derby msimu mzima kabla ya hapo. James alikuwa Wigan, Tomori Derby, Abraham alishafunga magoli 23 ya ligi akiwa Bristol City na baadaye akaipandisha Aston Villa. Kwa hiyo ilikuwa vyote viwili, mkopo mzuri halafu mlango. Mkopo bila mlango ni kumuandaa mtu kwa ajili ya kumuuza.

Na hapo kwenye kuuza ndiyo pananiumiza. Kwa kanuni za mapato na matumizi za ligi kuu, mchezaji uliyemlea mwenyewe hana gharama ya usajili vitabuni, kwa hiyo ukimuuza pesa yote inaingia kama faida. Mchezaji uliyemnunua kwa milioni 60 ukimuuza milioni 40 vitabu vinaweza kukuumiza, ila dogo wa nyumbani ukimuuza milioni 35 zote ni faida. Huyohuyo Anderson mnayemsifia, mtoto wa kwao kabisa, Newcastle walimuuza Forest 2024 wakiwa wanabanwa na hizo hesabu. Mount akaenda United 2023, Gallagher akauzwa 2024 akiwa katoka kuwavalia kitambaa cha unahodha sehemu kubwa ya msimu. Kanuni iliyowekwa ili klabu zisifilisike imefanya mtoto wa nyumbani awe ndiye wa kwanza kupelekwa sokoni, na mimi sioni sababu ya ligi kuendelea kuiacha hivyo.

---

MamaWatatu

Wanangu nimesoma uzi wote. Mimi naishi huku Uingereza miaka mingi na kijana wangu wa pili alikuwa kwenye akademi moja tangu U9 mpaka alipofika 16. Klabu sitaitaja.

Mnazungumzia miaka 18, ila wengi hawafiki huko. Kwetu ilikuwa mazoezi mara tatu kwa wiki jioni na mechi Jumapili. Baba yake anatoka kazini anakula ndani ya gari, mimi nabaki na hawa wengine wawili, mtoto anafanya homework kiti cha nyuma kwa taa ya simu. Miaka saba. Sherehe za wenzake haendi, mpira wa shule haruhusiwi kucheza mpaka klabu ikubali, likizo tunapanga kwa ratiba ya klabu. Na kila baada ya muda mnaitwa ofisini kuambiwa anaendelea au anaachwa, siku hizo ndani ya nyumba hakuna anayeongea.

Akifika U16 ndiyo wanaamua nani anapewa skolashipu ya miaka miwili, anacheza na kusoma hapohapo. Walikuwa kumi na saba, wakapewa saba. Wangu hakupewa. Kikao kilichukua dakika kama kumi, wakasema ni mdogo kimwili, na kweli mwaka uliofuata akarefuka akanipita mimi na baba yake. Kilichoniuma zaidi si kuachwa, maana mpira ni ushindani na tuliambiwa tangu mwanzo. Kilichoniuma ni kwamba baada ya ile siku hakuna aliyempigia simu. Miaka saba wanajua anakula nini na analala saa ngapi, halafu kimya. Miezi mitatu hakugusa mpira, viatu akavisukumia chini ya kitanda.

Nasikia siku hizi baadhi ya klabu zinafuatilia vijana wanaoachwa, Palace walitangaza 2022 mpango wa miaka mitatu kwa vijana wao wanaoachwa wakiwa na miaka 18 mpaka 23. Nawapongeza kwa moyo wote. Ila na huyu wa miaka 16 naye ni mtoto wa mtu.

---

kipa_wa_akiba

Pole sana mama. Nimesoma nikanyamaza kwanza.

Naomba nikupe haya, si kwa kukufariji tu. Declan Rice aliachwa na Chelsea ana miaka 14, West Ham wakamchukua. Eze aliachwa na Arsenal akiwa mdogo, akapita Fulham, Reading na Millwall, kote huko hakudumu, mpaka QPR walipomuona 2016, na yeye ndiye kafunga goli la fainali ya FA Cup 2025 na Arsenal haohao wakarudi kumnunua kwa pesa nyingi. Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday kwa sababu hiyohiyo ya umbo dogo, akacheza Stocksbridge huku anafanya kazi kiwandani, akaja kuwa bingwa wa ligi kuu 2016.

---

Pembeni_Kulia

Na ndiyo maana klabu kama Brentford 2016 walifunga akademi yao kabisa. Walikuwa wanalea mtoto, akifika 15, 16 klabu kubwa inakuja kumchukua kwa fidia ya bei elekezi, ndogo. Wakaanzisha timu B wakawa wanaokota vijana walioachwa na wakubwa, wale wa 17 mpaka 21. Baadaye akademi waliirudisha walipopanda ligi kuu, ila wazo lile lilinifundisha kitu, kwamba kwenye lile kapu la walioachwa kuna wachezaji.

Namba6 ulituuliza njia gani. Ngoja nikukumbushe nusu fainali ya Euro 2024, Dortmund, Uingereza na Uholanzi 1-1 dakika ya 90. Palmer anapokea, anapenyeza kwa Watkins, Watkins anageuka anapiga kona ya mbali, goli. Wote wawili waliingia sub. Palmer kalelewa City tangu mtoto mdogo, akademi ya daraja la juu kabisa, hakwenda mkopo, alipoona nafasi haipo akaondoka 2023 kwenda Chelsea. Watkins katoka Exeter, klabu inayomilikiwa na mashabiki wake, 2014 walimpeleka mkopo Weston-super-Mare daraja la sita, akarudi, akaenda Brentford, kisha Villa. Mpira mmoja, pasi ya njia ile goli la njia hii.

Kwa hiyo mimi jibu langu: dogo aangalie idadi ya dakika za mechi za wakubwa kabla hajafika 21. Jina la klabu liwe la pili. Akizipata City, abaki City. Asipozipata, miezi sita isizidi, aondoke hata kama mshahara unashuka.

---

namba6 (mleta mada)

Hiyo ya dakika nimeielewa na nadhani ndiyo jibu nililokuwa natafuta. Bellingham huyo hapo. Birmingham walimpa mechi 44 msimu wa 2019/20 akiwa na miaka 16, kwenye timu inayopambana isishuke, akaondoka kwenda Dortmund badala ya kukimbilia klabu kubwa ya nyumbani angewekwa kwenye foleni. Sancho naye aliikimbia foleni City 2017 akiwa na 17. Wote walichagua mahali palipokuwa na nafasi tupu kwenye kikosi.

Ila mama MamaWatatu umenibadilishia mada yangu. Mimi nilikuja kulilia Brewster ambaye amelipwa na amecheza ligi kuu, sikuwa nimewafikiria hao kumi kati ya kumi na saba. Naomba kuuliza kama haitakukwaza, kijana anaendeleaje? Alirudi uwanjani?

---

MamaWatatu

Hainikwazi mwanangu, asante kwa kuuliza.

Alirudi. Kocha mmoja wa timu ya mtaani huku, timu za daraja la nane, alikuja mwenyewe mpaka nyumbani akamuomba aje mazoezini mara moja tu, akasema asipopenda hatamsumbua tena. Akaenda kwa kunifurahisha mimi. Sasa ana 19, anasoma chuo mambo ya tiba ya viungo, Jumamosi anacheza na watu wazima, mabeki wenzake mmoja fundi umeme mwingine mwalimu. Wanalipana nauli tu. Mwezi uliopita alikuja skauti wa timu ya League Two kumwangalia, mechi wakafungwa na yeye akacheza vizuri, hatujasikia kitu mpaka leo na sijamuuliza.

Jumamosi hii wako ugenini, ni mwendo wa saa moja na nusu, baba yake ameshajaza mafuta.